UZI: Sekretaria yangu ya Kasapa bila programu hata moja ya kraki, njooni niwaambie nilivyofanya na pale nilipokwama

MamaSekretaria_Kasapa

Bandugu salama. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, lakini kama unakula kwa kompyuta kama mimi (sekretaria, cyber, studio ya picha, mahesabu ya duka) keti kidogo tuongee.

Niko Lubumbashi, njia ya Kasapa, karibu na kampasi ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Nina kompyuta nne, printa tatu, fotokopi moja na kijana mmoja wa kunisaidia. Kazi ni ileile ya sekretaria zote, kuchapa TFC (zile kazi za kumaliza masomo) na memware za wanafunzi, picha za pasipoti, mialiko ya ndoa, barua za kuomba kazi migodini, kupiga plastiki vyeti. Miaka yote nimefanya kwa Windows ya kraki (iliyovunjwa leseni ili usilipe), Office ya kraki, Photoshop ya kraki. Sikuwahi kujiuliza. Fundi anakuja na flashi yake, anaweka, unamlipa, maisha inaendelea.

Mwaka jana, msimu wa kutetea TFC, ule ambao siye wa Kasapa tunafunga saa nne usiku, programu ya kuandikia ikaanza kuniambia leseni imekwisha. Kijana wangu akaingia intaneti kutafuta kraki ingine, akazima antivirus kwa sababu maelezo ya kraki yenyewe yanakuambia uizime kwanza, akabofya. Asubuhi nafungua folda ya wanafunzi naona kila faili imeongezewa herufi nne mwishoni nisizozijua na hakuna hata moja inayofunguka. Katikati ya folda kuna kifaili kimoja tu kinachofunguka, kinaitwa readme, Kiingereza kitupu, wanataka dola 980, ukilipa ndani ya siku tatu ni dola 490.

TFC 31. Nilizihesabu mara mbili.

19 tulizipata kwenye email na flashi za wanafunzi wenyewe. 12 tulichapa upya. Kuna binti mmoja wa sosholojia alikuwa amebaki na karatasi tu, ile kopi ya direkta wake, mwalimu anayemsimamia, yenye wino mwekundu kila ukurasa, kurasa 74, yeye anasoma mimi naandika, siku mbili, na alipofika kwenye ukurasa wa kushukuru wazazi akanyamaza, nikamwambia pumzika mwanangu, nikaenda kununua maji. Sikuwalipa wale wezi hata faranga. Na kijana sikumfukuza maana ni mimi nilimzoeza hiyo njia.

Tangu pale nikasema kitu ninachokulia lazima kiwe changu kweli. Ndiyo nikaingia kwenye programu huria, zile ambazo leseni yake inamruhusu kila mtu kuzitumia, kuzinakili na kuzibadilisha.

---

MamaSekretaria_Kasapa

Naendelea. Wengi wanakosea hapa, wanasikia programu huria wanakimbilia Linux, mfumo huria wa kuweka pahali pa Windows, siku hiyohiyo, wanafuta kila kitu, kesho mteja anakuja na faili yake hawajui hata folda iko wapi, keshokutwa wamerudi kwa kraki na wanatangaza mtaa mzima kwamba ile kitu ni mbaya. Mimi nilishauriwa kinyume. Acha Windows ikae, badilisha programu kwanza, moja moja. LibreOffice (pahali pa Office) mwezi wa kwanza, GIMP (ya picha) na Inkscape (ya kuchora) baadaye, mfumo wenyewe mwishoni kabisa. Ukifika kwenye Linux unakuta ni programu zilezile mkono umeshazizoea.

Kosa letu la kwanza, kijana aliweka OpenOffice kutoka flashi ya zamani, tukadhani ni kitu kimoja na LibreOffice. Siyo kitu kimoja! OpenOffice inafungua docx (faili ya Word) lakini haiwezi kuhifadhi kwa docx, na profesa anataka docx. Pia haikuja na fonti zinazotakiwa. Mwanafunzi ameandika kwa Calibri, mimi sina Calibri, mashine inachukua fonti ingine, mistari inahama, jedwali la sura ya tatu linakatika katikati, yaliyomo yanasema ukurasa 41 na sura iko 43. Mwanafunzi anasema mama mashine yako imeharibu kazi yangu.

LibreOffice inakuja na fonti zilizotengenezwa makusudi zenye upana uleule, herufi kwa herufi. Carlito inasimama pahali pa Calibri, Caladea pahali pa Cambria, Liberation Serif pahali pa Times New Roman, Liberation Sans pahali pa Arial. Umbo ni tofauti kidogo ukitazama karibu, lakini mstari unaishia palepale na ukurasa unabaki ukurasa. Siku nilipoelewa hilo ndipo nililala vizuri. Aptos peke yake, ile mpya ya Word, ndiyo bado inanihamishia mistari, nikiiona namwambia mwanafunzi mapema tuweke Times 12, ambayo kitivo chenyewe kinataka.

Kitu cha pili ni namba za kurasa. TFC inataka mwanzo i, ii, iii, halafu utangulizi uanze 1. Kwenye Word tulizoea seksyo. Writer, ile ya kuandikia ndani ya LibreOffice, haifanyi hivyo, inatumia style ya ukurasa. Unasimama mwisho wa kurasa za mwanzo (menyu zangu ni za Kifaransa), Insertion, saut manuel, unachagua saut de page, chini yake unachagua style ya ukurasa mpya na kuweka alama ya kubadilisha namba, unaandika 1. Basi. Ilinichukua wiki nzima kuacha kutafuta seksyo, lakini sasa naona hii ni safi zaidi, haivunjiki mwanafunzi akiongeza ukurasa wa maombolezo dakika ya mwisho.

---

MwanaPolytech

Shikamoo mama. Mimi swali langu ni moja, hao watu wanakula nini? Kitu cha bure bila mtego sijawahi kukiona mji huu. Kesho watafunga halafu tutafanyaje na mafaili yetu?

---

MamaSekretaria_Kasapa

Marahaba mwanangu, ni swali zuri na mimi nilimuuliza hivyohivyo aliyenishauri.

Kwanza wewe unatumia tayari. VLC unayotazamia filamu ni huria, ilianza 1996 na wanafunzi kama wewe, wa École Centrale ya Paris, na tangu 2001 kodi yake, yaani maandishi ya ndani yanayotengeneza programu, iko wazi kwa dunia nzima. Firefox vilevile. Simu yako ya Android, moyo wake ni Linux, ile aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Umewahi kuona VLC inakuambia leseni imekwisha?

Wanakula nini, wengine wanalipwa na makampuni yanayotaka ile programu iendelee, wengine wanauza huduma na mafunzo, wengine ni michango, wengine ni moyo tu. Lakini la muhimu siyo nani analipa, la muhimu ni leseni inasemaje. Hiyo LibreOffice unayoiona ina ukoo. Kulikuwa na StarOffice ya Ujerumani, Sun wakainunua 1999, mwaka uliofuata wakafungua kodi ikawa OpenOffice. 2010 Oracle wakainunua Sun, waandishi wa programu hawakuwa na imani na mwenye nyumba mpya, wakachukua kodi yote, kihalali kabisa, wakaondoka nayo, ndiyo LibreOffice. Mafaili ya watu hayakuguswa. Kwa hiyo hata kesho wakifunga, kodi iko, mwingine ataiendeleza, na format yake ya odt ni sanifu ya ISO tangu 2006, programu yoyote inaruhusiwa kuisoma. Nani anaweza kunizimia? Hakuna.

---

Fundi_wa_Katuba

Mama aksanti kwa huu uzi, mimi nitaongeza upande wa machini maana ndiyo kazi yangu na kila siku batu banalia.

Windows 10 ilifungwa tarehe 14/10/2025, haipati tena marekebisho ya usalama ya kawaida, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya. Sasa angalieni hizi kompyuta zinatoka Ulaya zilizokwisha kutumika, zinaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, Core i5 za zamani, giga 4. Mwili uko mzima, skrini nzuri, lakini Windows 11 inazikataa mlangoni. Mimi nazipa Linux Mint, ile nyepesi ya Xfce kama giga ni 4, ya Cinnamon kama ni 8. Ukiibadilishia na diski ukaweka SSD, hapohapo mteja anadhani nimemuuzia kompyuta ingine.

Na virusi za flashi! Banafunzi banakuja na flashi wanasema fundi TFC yangu imekuwa shortcut. Kwenye Linux ile shortcut ni kifaili kimekufa tu, hakiwezi kukimbia. Mafolda ambayo virusi ilikuwa imeyaficha kwenye Windows yanaonekana yote, nanakili kazi yake, nasafisha flashi, dakika tano. Kwa sekretaria kama ya mama, ambapo flashi 50 za watu tofauti zinaingia kwa siku, hiyo peke yake inatosha kuhama.

Ila msidanganyike, PRINTA MUIJARIBU KABLA. Mint inakimbia kutoka flashi bila kugusa diski, washa nayo, chomeka printa, toa ukurasa mmoja. HP nyingi zinaingia zenyewe kwa sababu ya HPLIP, programu ya kuziendesha kwenye Linux. Kuna za aina ingine za zamani zitakutesa wiki nzima na usipate kitu.

---

MamaSekretaria_Kasapa

@Fundi_wa_Katuba asante sana ndugu yangu, na ni kweli kabisa. Printa yangu moja kati ya tatu ilikataa kabisa. Sikuitupa, niliiachia kompyuta moja yenye Windows, natuma PDF kwake na inatoa. Kwa hiyo nikisema bila kraki msifikiri nimesema bila Windows, ile moja ilikuja na leseni yake halali imebandikwa mgongoni.

Na kwa wote, kabla hujafanya kitu kingine chochote: LibreOffice, Outils, Options, Chargement/enregistrement. Huko imewekwa kuhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10. Weka 2. Umeme wetu tunaujua. Kisha weka alama kwenye ile ya kuhifadhi kopi ya akiba kila mara.

Kingine ninachokipenda sana na wengi hawakijui, ukitoa PDF kutoka Writer kuna kisanduku cha PDF hybride, inaficha odt ndani ya PDF hiyohiyo. Mwanafunzi anaondoka na faili moja, inachapika popote bila kuhama hata nukta, na akirudi kwangu na masahihisho ya direkta naifungua kwa Writer nairekebisha kama kawaida. Imenipunguzia nusu ya ugomvi.

---

Mhasibu_Kampemba

Mimi nitakuwa mkweli, nilijaribu na nikarudi. Nisamehe mama, sina ubaya.

Nafanya vitabu vya maduka sita, bilansi za mfumo wa uhasibu wa OHADA, nina Excel yangu nimeijenga miaka nane, makro juu ya makro, nikibonyeza kitufe grand livre inajipanga, balance inatoka, TVA inahesabika. Calc ya LibreOffice ilifungua faili, namba zote ziko sawa, lakini makro zangu nusu zilikataa. Nikamwita kijana anayejua, akaniambia Calc inaelewa VBA, ile lugha ya makro za Excel, kidogo tu, zingine lazima ziandikwe upya. Nani ataandika upya miaka nane? Na wateja wananidai kila tarehe 15.

---

MamaSekretaria_Kasapa

Baba hapo huna kosa hata kidogo na sitakudanganya. Mwenye makro nyingi za VBA asihame kwa pupa. Ningekuwa wewe ningenunua leseni halali ya Excel hiyo moja, maana inakulisha, na kila duka JIPYA utakalopata ungeanza vitabu vyake kwenye Calc tangu siku ya kwanza. Ya zamani iache palepale. Ninachokuomba tu kama dada yako, kama hiyo Excel ni ya kraki, leo jioni nakili vitabu vya hayo maduka sita kwenye diski ya nje na uichomoe. Mimi sikuwa nimefanya hivyo.

---

Mhasibu_Kampemba

Nimeshachomeka diski. Inanakili sasa hivi.

---

MwanaBukavu

Salamu kutoka Ibanda. Siye huku upande wa ramani hatukuwa hata na chaguo. Nilisoma kwa ArcGIS ya chuo, programu ya ramani ya kulipia, nikamaliza, nikatoka, leseni ikabaki chuoni. Mtu anakuita umchoree mipaka ya mashamba ya kahawa ya ushirika, utamwambia ngoja kwanza ninunue leseni ya dola mia nyingi? QGIS iliniokoa, ni huria tangu 2002, inafungua shapefile (mafaili ya ramani) zilezile nilizosoma nazo, na barabara na nyumba nazichukua OpenStreetMap, ramani ya wazi inayochorwa na watu wenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa, naandika tu chini ya ramani kwamba zimetoka kwao. Na kule OpenStreetMap nikikuta kichochoro cha Kadutu hakipo nakichora mwenyewe, kesho yake kila mtu anakiona, hiki ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote.

Kilichonisumbua ni menyu. Kila kitu kipo lakini jina ni lingine, pahali ni pengine. Mwezi mmoja wa hasira. Usihukumu programu ndani ya huo mwezi.

---

Yaya_wa_Goma

@MwanaBukavu umenikumbusha, siye tunaozunguka na tableti kuuliza maswali kwenye mitaa ya Goma, ile Kobo ambayo mashirika karibu yote yanatumia ni huria pia, na vituo vya afya nchi nzima vinatuma takwimu kwa DHIS2, imetoka chuo kikuu cha Oslo, huria. Watu wanafikiri hii ni mambo ya wasiokuwa na pesa. Wafaransa, gendarmerie yao ilihamia OpenOffice 2005, kisha makompyuta yao yakaenda Ubuntu. Wale hawakukosa pesa ya leseni, walitaka mamlaka juu ya vyombo vyao.

Mama swali langu, picha umefanyaje? Mimi dada yangu ana studio Birere na bila Photoshop anasema afadhali afunge.

---

MamaSekretaria_Kasapa

Yaya, picha ndiyo sehemu ngumu na nitaisema polepole.

Kwa picha za pasipoti GIMP inatosha na inabaki. Unakata kwa uwiano wa 35 kwa 45, unapunguza hadi pikseli 413 kwa 531 kwa dpi 300, unapanga nane kwenye karatasi ya 10x15, nne juu nne chini. Kijana wangu sasa anafanya kwa dakika tatu. Uchukue GIMP 3, ilitoka Machi 2025, usichukue 2.10 iliyobaki kwenye flashi za watu, kwenye hii mpya unaweza kurekebisha mwanga na kurudi baadaye kubadilisha bila kuharibu picha ya chini. Na kuna PhotoGIMP, ni mpangilio tu unawekwa juu ya GIMP, vitufe na njia za mkato zinakaa kama za Photoshop. Mpe dada hiyo siku ya kwanza, la sivyo mikono yake itakataa kabla ya kichwa.

Mialiko ya ndoa nafanya Inkscape. Hapo sikosi kitu, nasema kweli, maua, majina yaliyopinda, dhahabu, vyote vinatoka. Mialiko ya zamani niliyokuwa nimeitengeneza kwa Publisher nilidhani imepotea, kumbe LibreOffice Draw inafungua pub. Inafungua ikiwa imechafuka kidogo, lakini maandishi yako pale.

Pale inaposhindwa ni kazi ya kupeleka imprimeri kubwa, kalenda elfu moja na vitu kama hivyo. Wanataka CMYK, rangi za wino wa mashine, na Inkscape inafikiri kwa rangi za skrini. Nilipeleka kalenda ya parokia, bluu ya Bikira Maria ikatoka zambarau, nakala 200, nikalipa mwenyewe. Sasa kazi ya namna hiyo naimalizia Scribus, ambayo inajua CMYK, na naomba karatasi moja ya majaribio kabla hawajawasha mashine. Scribus ni ngumu, haifurahishi, lakini rangi inatoka.

Dada akiwa anafanya retachi nzito za harusi, ngozi, nywele, mandhari, asikimbie. Aanze na pasipoti peke yake.

---

MwanaPolytech

Mama nimeelewa. Na Kiswahili je? Mimi naandika na riwaya pembeni, kila neno linapigwa mstari mwekundu kama dhambi.

---

MamaSekretaria_Kasapa

Ukiiweka LibreOffice kwenye mashine chagua kamusi ya Kiswahili, ipo. Maneno yetu ya huku mengi haiyajui lakini unayaongeza kwa mkono na inayakumbuka. Hii kazi ya Kiswahili haikuanza leo, kulikuwa na mradi wa Kilinux pale chuo kikuu cha Dar es Salaam, walitafsiri OpenOffice, menyu zake, wakaiita Jambo OpenOffice. Hakuna aliyewapa ruhusa kwa sababu hakuna ruhusa iliyohitajika. Kwa Kifaransa cha TFC ongeza Grammalecte, inakamata makosa ya accord (upatanisho wa maneno) ambayo direkta huwa anayazungushia duara.

---

Fundi_wa_Katuba

Mama, kuna banafunzi watatu hapa kwangu wamesoma huu uzi, wanataka LibreOffice na mmoja anataka Mint kabisa lakini hawana mega za kushusha. Mint ni karibu giga tatu.

---

MamaSekretaria_Kasapa

Waje kwangu Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, nimeshashusha vyote usiku na kuweka kwenye diski: LibreOffice ya Windows, GIMP 3, Inkscape, VLC, Mint Xfce na Cinnamon. Kunakili ni halali, leseni yenyewe inaruhusu, siuzi. Huyo wa Mint aje na flashi mbili, moja tupu ya giga 8, ya pili yenye kopi ya kazi zake zote, na hiyo ya pili naifungua kwanza mbele yake tuone kwamba faili zinafunguka kweli, ndipo tuguse kompyuta yake. Na aniambie jina la printa ya nyumbani kwao.

---

Fundi_wa_Katuba

Anasema hana printa, anachapisha kwako.

---

MamaSekretaria_Kasapa

Basi hakuna shida. Saa mbili.